Taa ya Kichwani, Mlimani na Barabarani

Mwezi wa Julai mwaka 2011, shule zikiwa zimefungwa, tulipanda Nyiragongo pamoja na walimu wenzetu watano. Watu wa Goma walikuwa wameuzoea wekundu wa mlima huo juu ya mawingu kila usiku, lakini ni wachache waliokuwa wameukanyaga. Ulikuwa kama jirani mkali ambaye mtu humpita bila kumsalimu. Sisi tuliokuwa tumefundisha jiografia kwa miaka kumi na minane tuliona aibu kuendelea kuchora kreta ubaoni hali hatujapata kuiona kwa macho yetu.

Tuliambiwa tubebe nguo nzito, maji, chakula, na kila mtu taa yake, kwa kuwa tungelala juu, kwenye ukingo wenyewe. Kuhusu taa hatukuuliza neno zaidi. Tuliingia katika duka moja mjini, tukachagua taa ya kuvaa kichwani ambayo boksi lake lilitangaza lumeni 10,000, tukatoka tukijisifu kwamba tumepata kitu kikubwa kwa bei ndogo. Taa yenyewe ilitumia betri tatu ndogo nyembamba. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa pamoja nasi angeweza kutuambia kwamba betri tatu kama hizo hazina nguvu ya kutoa mwanga wa namna hiyo, lakini hata yeye alikuwa amenunua ileile.

Njia huanzia Kibati, kwenye kimo cha karibu mita 2,000. Hupita msituni, kisha juu ya mawe ya lava yanayoteleza na kukata viatu, na sehemu ya mwisho ni mteremko mkali ambao humfanya mtu wa makamo akumbuke kila kosa la ujana wake. Tulifika ukingoni, mita 3,470, jua likikaribia kuzama. Juu ya lile ziwa la moto hatutasema mengi. Waliolitazama wanajua, na wasiolitazama hawatasaidiwa na maneno yetu. Tutasema juu ya kilichotokea saa nne za usiku, jambo dogo lililotufundisha kuliko ziwa.

Mmoja wetu, yule anayeandika haya, alitoka kibandani kwenda haja. Ukungu ulikuwa umeshuka pamoja na baridi kali na harufu ya kiberiti. Tuliwasha taa kwa nguvu zake zote, na ghafla hatukuona kitu isipokuwa ukuta mweupe mbele ya pua. Tulipiga hatua tukidhani ni jiwe bapa, kumbe palikuwa na shimo. Tulianguka, goti likachanika, tukabaki tumeshika jiwe kwa mikono miwili bila kujua kama ukingo wa kreta uko kushoto au kulia. Mlinzi wa mbuga aliyekuwa akiota moto alisikia kelele akaja. Hakukimbia. Alisema kwa upole, “Mwalimu, usisogee. Vua hiyo taa kichwani, ishike chini, hapa kwenye mkanda wa suruali.” Tukafanya hivyo, na ardhi ikarudi. Kila jiwe likapata kivuli chake, kila shimo likaonekana kuwa shimo. Ukingo ulikuwa kulia, hatua chache tu.

Asubuhi, tukinywa chai, tulimwomba atueleze, na tangu siku ile tumelifuatilia jambo hili kwa bidii ambayo mke wetu huiona kuwa ya kupita kiasi. Ukungu ni matone ya maji. Taa iliyo kwenye paji la uso hupiga matone hayo na kurudisha mwanga moja kwa moja machoni, kwa sababu macho na taa viko mahali pamoja. Taa ikishushwa kiunoni, mwanga unaorudi hauingii machoni kwa wingi ule. Tena, hata pasipo ukungu, taa iliyo karibu na macho huficha vivuli nyuma ya mawe yenyewe, hivyo ardhi yote huonekana tambarare. Ndiyo maana mtu mwenye taa kali kichwani huweza kujikwaa mahali ambapo bibi mwenye kibatari mkononi hupita salama. Taa ya kichwani ina faida yake kubwa, nayo ni kuacha mikono yote miwili huru kwa fimbo, kwa kamba, kwa sufuria. Lakini si lazima ikae kichwani kila dakika.

Lumeni hupima jumla ya mwanga unaotoka, hazisemi mwanga huo unafika wapi. Taa mbili zenye hesabu moja zaweza kutofautiana kabisa: moja imekusanya mwanga kama mkuki, nyingine imeutawanya kama mkeka. Kwa kutembea njiani, lumeni 200 au 300 za kweli zinatosha, na ni vema taa iweze kutoa namna zote mbili. Kambini hata 20 ni nyingi. Kupika, kusoma, kutafuta soksi, hayo hayahitaji jua la mchana. Ukitaka mwanga wa kuenea hemani, funga taa kwenye kibuyu cha plastiki cheupe chenye maji, ikitazama ndani, utapata fanusi isiyoumiza macho ya mtu.

Muda ulioandikwa kwenye boksi nao una ujanja wake. Katika kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi, saa huhesabiwa mpaka mwanga unapobaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Basi taa ya “saa 40” haikuahidi saa 40 za mwanga ulioupenda dukani. Na ile mita 100 ya umbali ni mahali ambapo mwanga umebaki kama wa mbalamwezi, usidhani utasoma kitabu pale. Alama ya IPX4 yamaanisha taa hustahimili maji ya kurushwa, yaani mvua. IPX7 yamaanisha yaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Kwa mvua za kwetu ya kwanza yatosha, ila kwa anayevuka ziwa kwa mtumbwi tungependekeza ya pili.

Kuna pia mwanga mwekundu, ambao zamani tuliudhani kuwa ni pambo. Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza vizuri, na mwanga mweupe wa ghafla hulirudisha mwanzo. Mwekundu hafifu hauliharibu kwa kiasi hicho. Mwenye kuutumia kambini huwapa wenzake usingizi, na yeye mwenyewe huziona nyota. Kumtazama mwenzako usoni huku taa yako inawaka ni kumchapa kofi. Ukiitwa, inamisha taa kwanza, ndipo ugeuke.

Tuliyafundisha hayo kwa miaka mingi, kwa vijana waliokwenda kambi na kwa walimu wanafunzi. Tulinunua taa nyingine, ya heshima, yenye kitufe cha kufungia ili isijiwashe ndani ya mfuko. Tulikuwa tukisema daima: betri mpya zisichanganywe na za zamani, kwenye baridi betri za lithiamu hushinda za kawaida, na taa isiyotumika itolewe betri zake. Hilo la mwisho tulilisema mara nyingi sana.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mkesha wa Pentekoste, tulikuwa tumetoka kuwaandaa wasomaji wa kesho yake. Giza lilipoingia mbingu ya kaskazini ikawa nyekundu kwa namna isiyo ya kawaida. Umeme ukakatika. Watu wakaanza kukimbia, wengine upande wa Gisenyi, wengine upande wa Sake. Nyumbani tulikuwa na mama yetu mzazi, mwenye miaka 79 wakati ule. Tulifungua kabati, tukaitoa taa, tukabonyeza. Haikuwaka. Betri zilikuwa zimekaa ndani yake tangu hatujui lini, zimevuja, na vyuma vimeota ukoko mweupe. Tulikwangua kwa kisu, mikono ikitetemeka, mpaka mke wetu akasema basi, twendeni.

Tuliondoka na mwanga wa simu iliyobakiwa na nguvu kidogo. Barabara ilijaa watu, magodoro, mbuzi, pikipiki. Mbele yetu alikuwepo kijana mwenye taa ya kichwani, nzuri, kali, naye kila mara aligeuka kuwatafuta wenzake. Alipogeuka mara ya tatu mwanga ulimpiga mama machoni. Hakuona jiwe. Alianguka juu ya mkono wa kulia, nasi tukausikia mfupa.

Kijana alirudi akilia, “Nisamehe, mama, nisamehe.” Tulitaka kumfokea. Lakini ni nani aliyekuwa na taa njema nyumbani akaiacha ioze? Tulimwambia aivue na kuishika kiunoni, ikitazama ardhi mbele ya miguu ya mama. Mke wetu alifunga mkono kwa kitenge. Kijana alitembea nasi hatua kwa hatua mpaka Mugunga, akiwaacha wenzake watangulie, na hakuinua taa ile hata mara moja. Tulipotengana hatukumwuliza jina. Mama, ambaye alikuwa amenyamaza njia nzima, alimgeukia na kusema, “Unaona, mwanangu, huyu ndiye mwalimu wa taa. Yeye mwenyewe hana taa.” Kijana hakujua acheke au asicheke. Mke wetu alicheka.

Mto wa moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, nasi tukarudi kesho yake. Tarehe 27 Mei, wakuu walipotangaza kwamba sehemu kubwa ya mji ihamishwe kwa sababu ya matetemeko, tulikuwa tayari na betri mpya, na mama akiwa amefungwa mkono. Mfupa uliunga, ila kiganja hakikunji vizuri hadi leo. Anapochambua maharagwe hutumia mkono wa kushoto.

Taa sasa hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Betri zake ziko nje, katika mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa kwenye mkanda, ili anayeitwaa taa atwae na betri. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kulala, mama huita kutoka chumbani mwake, “Mwalimu, ziko?” Nasi huinuka, hugusa mfuko, huhesabu tatu, humjibu, “Ziko, mama.”