Nilipima Diski kwa Ukubwa Tu

Mkoa wa Katavi ulipomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na Mpanda ikawa makao makuu, ofisi ziliongezeka na makaratasi yakaongezeka nazo. Ndipo nilipofungua duka la steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya kazi. Nilikuwa na kompyuta moja ya mezani na imani moja, kwamba diski yenye gigabaiti nyingi ndiyo bora. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilisoma namba kwenye maboksi, nikaridhika.

Miaka ile mkoa ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukitegemea majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ilianza kukagua hadi diski upya huku foleni ya wateja ikinitazama. Nilipiga Windows upya, nikaongeza RAM, nikalaumu virusi. Mzazi mmoja kutoka Mishamo, aliyekuja na mwanawe kuchapisha fomu ya shule, alikaa kwenye benchi mpaka gari la kurudi likamwacha. Nilimwambia intaneti iko chini. Haikuwa intaneti.

Na bado watu waliniomba ushauri. Kijana fundi wa mtaani aliwahi kuniambia habari za SSD, diski ya aina nyingine, nikamkata kauli mbele ya wateja. Mwalimu wa kijijini alipokuja na fedha zake akitaka SSD ya gigabaiti 240, nilimgeuza nikamwambia kwa hela hiyohiyo anapata hadi diski kubwa zaidi. Akaniamini. Laptopu yake ilisafiri kwenye bodaboda, mara nyingi imefunikwa tu bila kuzimwa.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ambayo ni ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Mtikisiko ukikigusisha na sahani, kinakwaruza palipoandikwa data. SSD haina kinachozunguka. Data hukaa kwenye chipu. Kwa barabara zetu, tofauti hiyo peke yake ingetosha kunifumbua macho.

Diski ya mwalimu ikaanza kulia tik, tik, tik, halafu haikuwaka tena. Ilikuwa na mitihani na alama za wanafunzi za muhula mzima. Hakuja kunifokea. Alisema, “Mama, nimekuletea wewe kwa sababu wewe ndiye ninayekuamini.” Sikuwa na la kumjibu. Nikamwita yule kijana niliyemdharau.

Akaja. “Shikamoo mama.” Akahangaika na diski ile, akaokoa baadhi ya faili, nyingine zilipotea moja kwa moja, na mwalimu alizikubali hasara zake bila kunitupia neno. Kisha kijana akageukia mashine yangu. Akafungua skrubu za ubavuni, akapuliza vumbi, akatoa mfukoni SSD ya gigabaiti 120 aliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa. Plagi ni zilezile za SATA. “Mashine yako haijachoka, mama. Kilichochoka ni hiki.” Ilipowaka, sikuwa nimemaliza kupanga karatasi kwenye printa. Bei hakuitaja siku ile, na hajaitaja mpaka leo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana sikustahili hata aingie dukani kwangu.

Hata hivyo kubadilika kulinichukua muda. Niliijaza SSD ile mafaili ya wateja na filamu mpaka ikaanza kuwa nzito, nikataka kuirudisha. Kijana akanielekeza kwa subira: Windows na kazi za leo zikae kwenye SSD, za zamani ziende kwenye hadi diski, ambayo bado ni rahisi kwa kila gigabaiti. Akanionya pia kwamba hadi diski mara nyingi hulia kabla ya kufa, ilhali SSD inaweza kufa kimya. Kwamba faili lililofutwa kwenye SSD ni shida kulirudisha. Na kwamba kukatika kwa umeme kunaweza kuidhuru nayo. Nakala ya pili ni lazima, uwe na diski yoyote.

Ndugu yangu uliye Inyonga, Karema au Majimoto, kama laptopu yako inakuchelewesha, usikimbilie kuiuza. Mwombe fundi aangalie kwanza diski yake ni ya aina gani. Kama ni ya kuzunguka, na kazi yako ni kuandika na kusafiri, nunua SSD hata ya gigabaiti 240. Ile ya zamani, kama bado ni nzima, ifanye ya kuhifadhia na uiache nyumbani. Ukikwama, pita dukani. Kuangalia ni bure.