Picha ya Kipepeo Isiyo na Ukungu

Nimekuwa kimya kidogo, mradi mmoja kazini umenila wiki tatu nzima. Leo sizungumzii programu, ingawa kuna moja itajipenyeza humu ndani. Ndiyo kazi yangu, mtanisamehe.

Shangazi yangu anaishi Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, na kazi yake ni kufuga vipepeo. Usicheke. Tangu 1993 kuna mradi huko uitwao Kipepeo ambao hununua pupa kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu na kuziuza ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Pupa hizo zimelipa karo nyingi, ikiwemo sehemu ya yangu.

Sasa shangazi ana mtoto wa jicho, anangoja zamu ya kupasuliwa. Nilipokwenda kumwona Desemba alisema, "Mwanangu, na hiyo kamera yako, nipigie yule wa kwenye mindimu. Picha kubwa, niitundike ukutani niweze kumwona."

Yule wa kwenye mindimu ni Papilio demodocus, mweusi mwenye madoa ya manjano. Nikatoka na kamera yangu ya mitumba na lenzi ya milimita 300, nikarudi na picha 212. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilikuwa safi kabisa. Kwenye laptopu, ukungu mtupu. Shangazi akasogeza uso hadi karibu aguse skrini. "Huu ni ukungu wangu ama wako?"

Wangu.

Usiku huo nikaandika programu fupi ya Python, mistari kama ishirini, isome data za EXIF. Kwa wasiojua, kila picha ya dijitali hubeba ndani yake kasi ya shata, ISO na mengineyo. Jibu likaja mara moja: picha nyingi zilipigwa kwa sekunde 1/80. Nilikuwa nimeiachia kamera iamue kila kitu, na chini ya mwembe hakuna mwanga wa kutosha, kwa hiyo ikafungua shata muda mrefu.

Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha: ukishika kamera kwa mkono, kasi isipungue moja kwa urefu wa lenzi. Kamera yangu ina sensa ndogo inayokuza mara 1.6, basi 300 mara 1.6 ni 480, yaani angalau 1/500. Mimi nilikuwa 1/80! Lakini lenzi yangu ina kizuia mtikisiko, nilijitetea. Ndiyo, na huo ndio mtego wenyewe. Kifaa hicho hutuliza mkono wako, hakimtulizi kipepeo. Na huyu Papilio ana tabia ya kuendelea kupepesa mabawa hata akiwa ananyonya ua. Ukitazama zile picha kwa makini, ua lilikuwa kali, mabawa ndiyo yamefutika. Ukungu wa mkono huvuruga picha nzima. Ukiona ua zima na kipepeo hana umbo, mkono wako hauna kosa, ongeza kasi.

Asubuhi nikaweka 1/1000, f/8, ISO nikaiachia ipande yenyewe. Ilifika 1600 na picha zikawa na chembechembe. Sijali. Chembechembe programu itazipunguza, lakini ukungu haufutiki kirahisi hivyo, maana maelezo yenyewe hayakurekodiwa.

Nilipiga goti moja, viwiko nikavibana mbavuni, nikatoa pumzi nusu ndipo nikabonyeza, picha tano tano kwa mfululizo. Tano kwa sababu kwa karibu hivyo mwili wako ukiyumba mbele kidogo tu fokasi inatoka, na kamera haina habari. Kati ya tano, moja huwa imeangukia mahali pake.

Lakini kilichonisaidia zaidi hakipo kwenye kamera. Shangazi aliniambia nitoke saa moja asubuhi. Jua halijawapasha moto, vipepeo hukaa wametandaza mabawa wakiota, hawana nguvu za kuruka. Nikajiweka juu yake ili mabawa yote mawili yawe umbali mmoja na lenzi. Ningepiga kwa mshazari, bawa moja lingekuwa kali na jingine ukungu.

Nilichapisha moja Malindi, ukubwa wa A3. Shangazi akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda, kidole kikifuata madoa moja moja.

"Huyu ndiye," akasema. Halafu, "Mbona papasi zake zimepotea nchani?"

Zilikuwa zimeinuka juu, zikatoka nje ya fokasi. Nikamwambia nitarudi na f/11.

"Urudi kabla sijapasuliwa," akasema, "nipate cha kulinganisha."