Kati ya Kwaresima na Mfungo Mosi

Nilianza kupiga video za harusi Dar es Salaam mwaka 2009, kwa kamera ya kanda niliyoinunua kwa mtu Kariakoo. Miaka ile Ramadhani iliangukia Agosti na Septemba, na Kwaresima ilikuwa palepale pake, kuanzia Februari au Machi. Wakatoliki na Walutheri hawafanyi harusi Kwaresima. Waislamu wa kwetu Pwani husubiri mfungo mosi. Kwa hiyo sisi tunaokula kwa harusi tulikuwa na vipindi viwili vya ukame kila mwaka, na walokole, ambao huoa wakati wowote, hawakutosha kutulisha sote.

Ukame huo ulinishinda. Shaabani, watu wakivunja jungu, nilikuwa na kazi tatu kwa wiki, na kila pesa iliyoingia niliitumia kama mshahara ambao mwezi ujao ungekuja tena. Ramadhani ikifika nusu, jina langu limejaa kwenye daftari la Mangi wa dukani: unga, sukari, vocha. Mwaka 2011 mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo katikati ya mfungo. Nikauza kamera. Idd pili simu ikaita, harusi mbili mfululizo, Magomeni na Mbagala. Nilikwenda kukodi kamera kwa shilingi 40,000 kwa siku, na niliyopewa ilikuwa ileile yangu. Niliitambua kwa mchubuko ulio pembeni ya kitufe cha kurekodi. Niliipiga harusi yote ya Magomeni huku kidole changu kikiupapasa ule mchubuko.

Baada ya hapo wapiga picha kumi tuliunda mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Ulikufa Kwaresima ya kwanza. Wala hakuna aliyekuwa mwizi. Tulikaukiwa wote siku moja, na mwenye zamu ya kupokea hakuwa na wa kumchangia. Ilinichukua muda kulielewa hilo, na nadhani wengi wa kazi zetu hizi za kujiajiri bado hawajalielewa: tunakimbilia kuchangishana na wenzetu wa fani moja kwa sababu tunajuana, kumbe njaa yetu ni moja.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu wa chumba cha pili, fundi cherehani. Usiku wa daku nilikuwa nasikia mashine yake ikikimbia, anashona magauni ya Idd. Januari anashona sare za shule. Asubuhi moja alinikuta nimekaa kibarazani, akaniambia, "Kaka, mimi Ramadhani silali, na wewe huna kazi. Oktoba wewe huonekani nyumbani, na mimi nahesabu wateja. Kwa nini tusicheze pamoja?"

Tukawa sita, kila mmoja na msimu wake. Alikuwemo muuza tende, alikuwemo na fundi rangi ambaye mvua za masika humfungia kazi. Hatukupiga kura ya nani apokee kwanza. Tulikaa na kalenda, kila mtu akataja mwezi unaomuumiza, na huo ndio ukawa mwezi wake wa kupokea. Mimi nilipewa Ramadhani. Sijauza kifaa tena tangu hapo. Na bei zangu nikazipanga upya, kwani siku ninazokaa bila kazi nazo zina kodi na zina chakula.

Kalenda yenyewe haikutulia. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ikawa inaisogelea Kwaresima. Mwaka 2020 Kwaresima ilianza mwishoni mwa Februari, korona ikazuia mikusanyiko katikati ya Machi, kisha Aprili ukaandama mwezi wa Ramadhani. Takriban miezi mitatu sikuwasha kamera. Hata magauni ya Idd yalipungua. Tuliusimamisha mchango kwa makubaliano, tukaurudia hali ilipotengemaa, na hakuna aliyepoteza haki yake. Mwaka 2025 mifungo yote miwili ilianza ndani ya siku chache. Ukame ukawa mmoja, na nilijiandalia mmoja.

Jambo moja halijabadilika tangu 2009, nalo ndilo linalorefusha ukame wetu kuliko kalenda yoyote: salio. Advansi hulipwa vizuri. Harusi ikiisha, kamati hukutana kuvunja kamati, pesa iliyobaki inaishia kwenye nyama choma na vinywaji, na mpiga picha anaambiwa amtafute bwana harusi, ambaye yuko fungate na ameshaishiwa. Nimewahi kulipwa salio la harusi ya Novemba kwenye Pasaka. Pesa hiyo ndiyo ingenivusha.

Ndugu msomaji, ukiwa mweka hazina wa kamati ya harusi, mlipe mpiga picha, mpishi na mpambaji kwanza, ndipo mkavunje kamati.