Baiskeli Zilipoota Shokapu

Mwezi Mei, masika yakimalizia, mpwa wangu alikuja nyumbani Majengo akiikokota baiskeli aliyoinunua mpya mwaka jana. Ni baiskeli ya mlimani, ya kijani, matairi ya meno, gia kulia na kushoto mwa usukani, na mbele shokapu mbili. Tuliposalimiana akaniambia imekuwa ngumu mbele, ikiingia shimoni haibonyei, na jioni viganja vinamuuma. Nikaibana breki ya mbele, nikauegemea usukani kwa uzito wangu wote. Haikushuka hata kidogo. Kwenye yale mabomba mawili ya juu yanayong'aa kutu ilikuwa imekwisha kutoboa, na pale bomba linapoingia chini palikuwa na ukingo wa tope lililokauka. Nikamuuliza foku ilifunguliwa lini mara ya mwisho.

Akanitazama. "Mjomba, kwani foku nayo inafunguliwa?"

Simlaumu. Wiki hiyohiyo vibanda vya kando ya barabara vilikuwa vimevunjwa, pamoja na kile kilichojengwa pale pale alipokuwa akikaa Baba Fundi, fundi wetu wa baiskeli, enzi za uhai wake, na nilipopita nikakuta vijana wamesimama juu ya ile saruji yake wakingoja bodaboda. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pale ndipo nusu ya baiskeli za Moshi zilikuwa zikipata uhai. Mtoto atajuaje kwamba foku inafunguliwa, ikiwa hajawahi kuona mtu akifungua habu?

Baba Fundi hakuwa na kibanda wakati ule. Alikuwa na mjakaranda. Chini yake aliweka sanduku la mbao lenye vyumba vingi, beseni la maji lililobonyea ubavu, debe la mafuta ya taa lililokatwa nusu, na pampu ya kusimama ambayo watoto tuligombea kuipiga. Kabla hujamwona ulikuwa umeshaisikia harufu yake: sulusheni mbichi, mpira uliotoka kukwanguliwa kwa msasa, mafuta ya taa, na mbali kidogo grisi, ile nyeusi iliyokwisha kazi, ambayo aliifuta kwa kipande cha gunia na kukihifadhi. Mpaka leo mtu akifungua kichupa cha sulusheni mbele yangu, naiona saruji ile na maua ya zambarau yamedondoka ndani ya beseni.

Baba yangu alikuwa na Raleigh. Alifanya kazi kiwanda cha kukobolea kahawa, na alfajiri tulimsikia akiitoa uani, friwili ikilia taratibu. Ilikuwa nyeusi, tairi za inchi 28, breki za vyuma vinavyopita chini ya usukani, spoki 32 mbele na 40 nyuma, na kifuani kibati chenye kichwa cha korongo. Springi zake zote zilikuwa chini ya siti ya ngozi. Kwa kweli baiskeli zile zilikuwa na namna yake ya kubembeleza barabara: foku ilipinda mbele kwa urefu, gurudumu lilikuwa kubwa, fremu ililala nyuma kiasi cha mtu kuketi wima kama yuko barazani. Ukipita Pasua penye vumbi na mashimo, chuma chenyewe kilinyumbuka.

Utaratibu wa Baba Fundi ulikuwa mmoja na hakuubadili kwa mtu yeyote, awe mwalimu au mchukuzi wa ndizi. Baiskeli iletwe kabla ya masika na iletwe tena baada ya masika, hata kama haina kasoro. Hasa kama haina kasoro. Aliipindua ikalalia siti na usukani, akazungusha gurudumu la mbele, kisha akaweka kidole kwenye foku karibu na ekseli na kufumba macho. Alikuwa anasikiliza kwa kidole. Kama kuna mkwaruzo alilegeza nati, akaichomoa koni, akamimina gololi kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Gololi za mbele ni ndogo, kumi kila upande. Za nyuma ni kubwa, tisa kila upande. Hilo alitufundisha kabla hatujajua jedwali la kuzidisha. Alizichovya kwenye mafuta ya taa, akazikausha, akaziviringisha moja moja mbele ya jicho. Iliyopata doa ilitupwa, na haikuingizwa mpya moja katikati ya kuukuu, zilibadilishwa zote za upande ule. Kisha grisi mpya, gololi zikapangwa ndani yake kwa ncha ya spoki, koni ikarudi. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa sababu koni ikikazwa mno gurudumu linasaga na ikilegea linacheza. Alikuwa akikaza, akilegeza robo, akikaza, mpaka gurudumu likaachwa lenyewe na kipande cha valvu kikashuka chini taratibu kwa uzito wake, kikapitiliza kidogo, kikarudi, kikatulia.

"Baiskeli haifi kwa safari," alikuwa akimwambia baba. "Inakufa kwa kusahauliwa."

Halafu vitu vikaadimika. Ulikuja wakati wa foleni, na wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Tairi zilishonwa. Tiubu zilikuwa na viraka juu ya viraka. Baadhi ya majirani walipata Swala, baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini, wengine Phoenix ya Shanghai, wengine waliendelea na Raleigh zao za tangu kabla ya uhuru. Nakumbuka Baba Fundi akikata kopo kutengeneza washa. Nakumbuka pia kwamba katika miaka ile yote ya dhiki sikuona baiskeli iliyotupwa. Hata fremu iliyokatika ilipelekwa kuchomelewa.

Ni katika kipindi hicho tuliposikia kwamba kuna Wazungu wameupanda Mlima Kilimanjaro kwa baiskeli. Nimetafuta tarehe: ilikuwa mwisho wa Desemba 1984, na walikuwa Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, mtu na binamu yake, waliofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, na baiskeli za mlimani, mahali pengine wakiendesha, pengine wakizibeba mabegani. Mwaka uliofuata wakatoa kitabu. Mjini habari ilifika ikiwa imekuzwa, wengine wakasema zilikuwa na injini. Baba Fundi alitaka kujua jambo moja tu, foku za baiskeli hizo zilikuwa za aina gani. Leo naweza kumjibu, na ndilo jambo nililomwambia mpwa wangu: zilikuwa foku ngumu za chuma, bila springi wala hewa. Foku ya shokapu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua dukani ilikuwa bado haijaja. Paul Turner, Mmarekani aliyeanzisha RockShox, aliitoa RS-1 mwaka 1989, ikibonyea chini kidogo ya sentimita 5, na mwaka 1990 Greg Herbold akashinda nayo mbio za kuteremka mlima katika mashindano ya kwanza ya dunia kule Durango, Colorado. Kabla ya hapo, vijana wa California walioanzisha mchezo huu miaka ya 1970 kwenye Mlima Tamalpais walishuka na baiskeli kuukuu nzito za tairi nene. Breki ya nyuma ilikuwa ndani ya habu, na kwa joto la mteremko mmoja grisi iliungua yote, ikabidi habu ifunguliwe na kupakwa upya. Baba Fundi angewaelewa siku ya kwanza.

Yaliyofuata yamekwenda haraka. Mipaka ya biashara ikafunguka, makontena ya mtumba yakaja, na baiskeli za gia kutoka Ulaya na Japani zikajaa mjini. Zikaja mpya kutoka China na India, za bei ndogo. Baba akastaafu. Bodaboda zikaingia na kuwachukua wateja wote wenye haraka, halafu na vijana wote waliokuwa wakijifunza ufundi wa baiskeli, maana pikipiki ndiyo iliyokuwa na pesa. Baba Fundi akazeeka pale pale, akafariki. Na baiskeli, bila mtu kuuliza, zikaota shokapu.

Hapa ndipo ninapokasirika. Foku yenye shokapu ni chombo kizuri. Nimeitumia nikiteremka kutoka Kibosho kwenye udongo mwekundu uliopasuliwa na maji, na najua inavyolishika gurudumu lisiruke ardhini. Lakini ni chombo chenye oili, sili, sponji na bushi ndani, na kinadai huduma kuliko habu yoyote aliyoifungua Baba Fundi. Sisi tumekipokea katika miaka ileile tuliyoiacha tabia ya kufungua vitu. Nimeingia duka moja hapa mjini nikakuta baiskeli mpya imefungwa foku nyuma mbele, breki inatazama fremu, na muuzaji ananiambia ndiyo mtindo wake. Nikamwonyesha. Akaigeuza, akanishukuru, lakini pembeni zilikuwapo nyingine mbili hivyohivyo.

Kwa ile ya mpwa wangu nilimpeleka kwa kijana anayetunza baiskeli za watalii, wale wanaopandishwa Kilimanjaro kwa njia ya Kilema. Meza yake ni safi kama ya daktari wa meno. Aliigeuza foku, akalegeza boliti mbili za chini kwa alenki, akazigonga kidogo kwa nyundo ya plastiki, akavuta. Kwa kawaida hapo oili humwagika. Hapakutoka kitu. Ndani mlikuwa na springi moja upande wa kushoto, mpira wa kuzuia kishindo, na grisi iliyokauka ikawa kahawia na kuchanganyika na mchanga. Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Mpwa wangu akanyamaza.

Mimi nikataka mafuta ya taa. Kijana akanikataza kwa adabu, "Hapana mzee wangu, mpira wa sili utavimba." Yeye hutumia spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Akasafisha, akapaka grisi maalumu nyepesi, akairudisha, ikaanza kubonyea kidogo, ila kutu ilikuwa imeshayala mabomba na sili itakatika tena mapema. Kisha akatuonyesha moja ya zake, ya hewa, inayobonyea milimita 100. Kwenye bomba kuna oringi ndogo. Unaishusha hadi kwenye sili, unapanda ukiwa na mzigo wako wote, unashuka taratibu, unapima oringi imesogea wapi. Milimita 20 hadi 25, basi hewa ni sawa. Ikizidi, ongeza hewa kwa pampu ya shokapu, ile ndogo yenye saa, maana pampu ya tairi haifai. Ikipungua, toa. Chini kuna kitufe chekundu cha kupunguza kasi ya foku inaporudi juu, isikurushe. Kila baada ya saa 50 za kuendesha anafungua miguu ya chini, anaosha sponji, anaweka oili mpya vijiko vichache. Sili na oili ya ndani kabisa ni mara moja kwa mwaka. Kila jioni anafuta mabomba kwa kitambaa chenye unyevu, na hamruhusu mtu kuelekeza mpira wa maji ya presha kwenye sili. Alipokuwa akiongea niliutazama mkono wake. Alikuwa ameweka kidole kwenye foku, anaibonyeza, anasikiliza.

Nikamuuliza sili anazipata wapi. Zinaagizwa nje, akasema, zinakuja na wageni kwenye mabegi. Moshi nzima hana anayemuuzia.

Kwa hiyo nawaambia wanaotaka kununua baiskeli mpya ya mlimani mwaka huu. Kabla ya kutoa pesa, bana breki ya mbele ubonyeze usukani: foku ishuke na kurudi bila mkwaruzo. Kisha sukuma mbele na nyuma usikilize kama mabomba yanacheza ndani ya bushi. Muulize muuzaji kama ana sili za foku ile. Kama hana, na hajui nani atakufungulia, usiichukue. Kwa pesa hiyohiyo utapata baiskeli yenye foku ngumu, nyepesi zaidi, breki bora na habu nzuri, weka tairi nene usizijaze hewa kupita kiasi, na itakufikisha kokote katika wilaya hii. Ndivyo alivyofanya mpwa wangu. Ameuza ile ya kijani akimweleza mnunuzi ubovu wake wote, na sasa ana ya foku ya chuma.

Na nyie wenye maduka ya Moshi na Arusha, mnaoleta baiskeli zenye shokapu kwa makontena: leteni na sili, oili na pampu zake, na mwajirini fundi mmoja anayejua kuzifungua.