Shimo katika Hadithi



Ijumaa jioni, umeme ukiwapo, ukumbi mdogo wa parokia yetu hapa Katindo hugeuka kuwa nyumba ya sinema. Shuka nyeupe hutundikwa ukutani, projekta huazimwa, na vijana wa Kizito-Anuarite, Waxaveri na wanakwaya hubanana kwenye mabenchi. Wanachokipenda zaidi ni filamu za upelelezi: mtu ameuawa, watu sita wanashukiwa, na ukweli hujulikana dakika tano kabla ya mwisho. Juu ya filamu hizo wamejibunia mchezo. Anayeona jambo lisilopatana na lililotangulia hupaza sauti, "Shimo!", na filamu husimamishwa mpaka aeleze. Glasi iliyokuwa nusu imejaa bila mtu kumimina. Mpelelezi ameingia na tai ya bluu, ametoka na tai nyekundu. Saa ya ukutani inaonyesha saa nne asubuhi, na dirishani jua linazama. Mwenye mashimo mengi usiku huo hununuliwa mandazi na wenzake.

Mwanzoni mchezo huo uliniudhi, kwa maana ulikatakata hadithi kama nyama ya sokoni. Kisha moyo wa ualimu ukanishinda. Vijana wale wale wanaosinzia ninapofundisha sakramenti saba waliweza kukumbuka kifungo cha koti kwa saa nzima! Tena macho hayo yalifaa nje ya ukumbi. Siku moja ilizunguka katika simu zetu video ya watu wakikimbia, ikisemekana ni Goma, asubuhi ile ile. Binti mmoja aliitazama mara mbili, akasema magari yale yanaendeshwa upande wa kushoto wa barabara. Kwetu huendeshwa kulia. Akaifuta, akaendelea kumenya viazi.

Makosa ya namna hiyo yana sababu yake. Filamu haitengenezwi kwa utaratibu inaotazamwa. Onyesho la mwisho huweza kupigwa picha siku ya kwanza, na mazungumzo ya dakika mbili huweza kuchukua siku nzima, kamera ikihamishwa mara upande huu, mara upande ule. Ndiyo maana kuna mtu, Wafaransa humwita scripte, ambaye kazi yake ni kuandika kila kitu: mshumaa umeungua hadi wapi, ni mkono upi ulioshika kalamu. Naye ni mwanadamu. Katika North by Northwest ya mwaka 1959, mwanamke anamfyatulia mwanamume risasi ndani ya mkahawa, na nyuma yao mtoto mmoja anaziba masikio kabla bastola haijalia. Mtoto yule hakuwa nabii. Yaelekea alikwisha kusikia mlio huo katika majaribio, akauchoka.

Zaidi ya makosa ya mikono, kuna mashimo ya hadithi yenyewe. The Big Sleep ya mwaka 1946 ilitokana na riwaya ya Raymond Chandler. Ndani yake dereva wa familia tajiri anakutwa amekufa majini pamoja na gari. Watengenezaji wa filamu walipomwuliza Chandler ni nani aliyemwua dereva huyo, aliwajibu kwamba yeye pia hajui. Mwenyewe alilisimulia jambo hilo baadaye katika barua. Filamu ikaendelea hivyo hivyo, na watu wanaipenda mpaka leo.

Usiku ninaoukumbuka kuliko mingine yote ni ule tulipotazama I Confess ya mwaka 1953, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Kifaransa, La loi du silence. Aliyeiongoza ni Alfred Hitchcock, Mkatoliki wa London aliyesomeshwa na Wajesuiti. Katika mji wa Québec, mfanyakazi wa nyumba ya mapadri anamwua mwanasheria, kisha anakwenda kuungama kwa Padri Logan. Muuaji alikuwa amevaa kanzu ya padri usiku ule, hivyo tuhuma zinamwangukia Padri Logan mwenyewe. Anahojiwa, anafikishwa mahakamani, umati unamzomea, naye hasemi.

Katikati ya filamu kijana mmoja alisimama juu ya benchi. Alikuwa bingwa wetu wa mashimo, mtumishi wa altare tangu utoto. "Shimo kubwa!" akasema. "Padri anamjua muuaji. Aseme, filamu iishe, tukalale." Ukumbi ulicheka. Binti aliyekaa mbele akageuka, akamwuliza kwa upole kama amesahau siri ya kitubio. Akaketi, akicheka na kujipiga paji la uso.

Nilitumia nafasi hiyo kufundisha. Niliwaeleza kwamba kwa kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa siri hiyo haivunjwi kwa sababu yoyote, wala kwa neno wala kwa ishara. Niliwaambia pia kwamba Hitchcock mwenyewe, alipozungumza na François Truffaut, alikiri kuwa watazamaji wasio Wakatoliki hawakuweza kusadiki kwamba mtu angenyamaza hivyo mbele ya kifo. Kwao filamu nzima ilikuwa shimo. Kwetu ndipo ilipokuwa nguzo yake. Kisha nikawaonyesha mkaguzi wa polisi, Larrue. Hakuwa mtu mwovu, na alichokiona alikiona kweli: padri ananyamaza, padri hana maelezo ya usiku ule. Alikosea tu alipouchukua ukimya kuwa jibu.

Nililifundisha somo hilo vizuri. Nalisema bila kujisifu, kwa sababu ya yaliyofuata.

Katika Kwaresima ya mwaka 2023, familia zilizokimbia vita zilikuwa zimejaa Bulengo, magharibi ya mji wetu, katika vibanda vya maturubai juu ya mawe ya volkano. Vijana walichanga fedha za sabuni na za unga wa uji wa watoto. Zilifika dola 64, wakazitia katika bahasha. Mweka hazina alikuwa yule yule bingwa wa mashimo. Jumamosi jioni alisema ameifungia bahasha katika droo ya chumba cha vijana. Jumapili baada ya Misa droo ilikuwa tupu, na kufuli halikuvunjwa.

Nilijipa kazi ya mpelelezi, hakuna aliyenituma. Mlinzi wa lango alisema alimwona kijana akitoka saa kumi na moja na dakika kumi, naye alikuwa na hakika, maana ndipo kwaya ilipomaliza mazoezi. Kijana alisema alifunga droo, akafika langoni, na hapo hapo langoni akamwandikia mwenyekiti wa vijana kwamba bahasha iko mahali pake. Nikamwomba anionyeshe ujumbe ule. Simu yake ilionyesha 16:10, yaani saa kumi na dakika kumi. Saa nzima kabla! Basi hakuandika akiwa langoni. Basi alitoa taarifa ya kuifungia bahasha, kisha akabaki saa nzima peke yake na ufunguo.

Mbele ya kamati nzima nikasema, "Shimo."

Nililitumia neno lao wenyewe, na baadhi yao walicheka. Yeye aliitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, sijui." Ile "sijui" niliichukua kuwa ungamo. Sikumfukuza, nilimwambia tu arudishe ufunguo, na kwamba mlango wa toba uko wazi. Maneno mazuri sana. Jumapili iliyofuata hakuja kutumikia, wala ile iliyofuata.

Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima Kanisa husoma habari ya Susana, katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli. Nilikuwa na zamu ya kuwaandalia vijana maelezo ya somo hilo, nikakaa usiku na Biblia na daftari. Mnaikumbuka habari hiyo: wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamsingizia mwanamke mwaminifu kwamba wamemkuta bustanini na kijana, na mkutano unawasadiki kwa ajili ya mvi zao. Dorothy Sayers, mwandishi mashuhuri wa riwaya za upelelezi, aliiweka habari hii katika mkusanyo wake wa hadithi za upelelezi wa mwaka 1928. Hata humo watu wametafuta mashimo: katika karne ya 3 Julius Africanus alimwandikia Orijeni kwamba mchezo wa maneno juu ya majina ya miti unapatana kwa Kigiriki tu, basi hadithi imetoka wapi? Orijeni akamjibu kwa barua ndefu.

Niliyaandika hayo yote daftarini, maana mwalimu hupenda kuonyesha alichosoma. Nilipofika mahali Danieli anapowatenga wazee wale, kalamu ilisimama. Alimwita wa kwanza, akamwuliza aliwaona chini ya mti gani. Akamwondoa. Akamwita wa pili, akamwuliza lile lile. Mmoja akataja mti mdogo wa utomvu, mwenzake akataja mwaloni. Danieli aliwauliza wote wawili. Mimi nilikuwa nimeisoma simu ya aliyeandika ujumbe. Simu ya aliyeupokea sikuwahi kuiomba.

Kesho yake alfajiri nilikwenda kwa mwenyekiti wa vijana kabla hajaenda chuoni. Alitafuta ujumbe ule, akanikabidhi simu. Ulikuwa umefika saa 17:10. "Mbona hukusema?" nikamwuliza. Akajibu, "Mwalimu, hukuniuliza. Nami nilidhani wewe umeona kitu ambacho sisi hatukukiona."

Nikaenda nyumbani kwa kijana. Mama yake alinipa kiti, akarudi jikoni bila kusema neno. Kijana alinieleza kwa kifupi. Jumamosi ile simu yake ilikuwa imeisha chaji, akatumia simu ya mjomba wake aliyefika juzi yake kutoka Kinshasa, naye mjomba hakuwa amebadilisha saa. Ninyi mmezoea kusikia redioni saa mbili zikitajwa, ya Kinshasa na ya Lubumbashi. Sisi wa mashariki tunafuata ya Lubumbashi, tunawatangulia wa Kinshasa kwa saa moja. Mtoto wa shule ya msingi hapa Goma anajua hilo. Nimelifundisha darasani, nikachora na ramani ubaoni.

Yeye mwenyewe aligundua siku tatu baada ya kikao. "Kwa nini hukuja kuniambia?" nikasema.

"Mwalimu, uliangalia saa ya simu. Hukuniuliza simu ni ya nani. Ulikuwa umekwisha kumaliza."

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaliita kosa langu kwa jina lake, hukumu ya haraka, yaani kusadiki ubaya wa jirani pasipo msingi wa kutosha, hata kama mtu anausadiki kimoyomoyo tu. Mimi niliusema mbele ya watu kumi na wanne. Namba 2487 inadai malipizi: aliyeharibu jina la mwenzake alitengeneze, na ikiwa alimdhuru hadharani, asiishie chumbani. Niliungama, nikapewa maondoleo. Ijumaa iliyofuata nikasimama mbele ya shuka ile nyeupe kabla ya filamu, ukumbi ukiwa umejaa, nikaeleza jambo zima tangu droo hadi saa ya Kinshasa. Ilichukua dakika saba. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kwa nini mwalimu analia, na dada yake akamziba mdomo.

Baadaye binti wa kwaya alinijia na swali lililomsumbua. Kama tofauti ya saa moja haikuwa uongo, je, tofauti za Injili? Marko anataja kijana mmoja kaburini, Luka anataja watu wawili, Mathayo malaika mmoja, Yohane malaika wawili. Nilimweleza kwamba katika karne ya 2 Tatiani alizishona Injili nne kuwa moja, mishono isionekane, na makanisa ya Kisiria yaliisoma kwa muda mrefu. Hata hivyo Kanisa lilizishika nne, pamoja na tofauti zake. Mashahidi waliokubaliana mapema husema mamoja mpaka nukta. Mashahidi waliotishika kweli, kila mmoja hukumbuka kilichomshika yeye. Alisikiliza, akasema atafikiri. Sikumharakisha.

Bahasha haikupatikana. Ni nani aliyeichukua, sijui, kama Chandler na dereva wake, ila hapa watoto wa Bulengo walikuwa watu wa kweli, na sabuni ilichelewa majuma matatu mpaka vijana walipochanga upya. Wapo waliotaka nianze tena kuhoji watu. Nilikataa.

Kijana hakutaka tena ufunguo wa droo, wala sikumsihi. Kwenye altare alirudi siku ya Pentekoste. Ijumaa huja pia, huketi benchi la nyuma karibu na mlango, na kwa miezi mingi hakutamka lile neno hata mara moja.

Juzi tulikuwa tunatazama filamu ya zamani ya Kifaransa. Mwanamke mmoja alikuwa ameapa kwamba hajawahi kuingia katika nyumba ya marehemu, kisha akaingia gizani na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha taa. Ukumbi ulilipuka: "Shimo! Ndiye! Ndiye aliyeua!" Nami nilikuwa karibu kusema vivyo hivyo. Sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango.

"Rudisha kwanza. Tusikie alisema nini hasa."

Mwenye projekta akarudisha.