Saffron Walden: Mji wa zafarani unaowashinda bei watoto wake

Mama wa Pwani akisikia jina Saffron Walden huenda asijue ni wapi, lakini nusu ya jina hilo anayo jikoni. Saffron ni zafarani, ile ile inayotiwa kwenye biriani.

Mji huu uko Essex, Uingereza, kati ya London na Cambridge. Katika karne ya 16 na 17 wakulima wake walistawisha zafarani na kuiuza kama kiungo, dawa na rangi ya nguo. Kilimo hicho kilikwisha zamani, jina likabaki.

Kilichodumu ni soko. Lilihamishiwa hapa mwaka 1141, na hadi leo watu hukusanyika uwanjani kila Jumanne na Jumamosi kununua mboga, mkate na maua. Wazazi husukuma vigari vya watoto kati ya meza, wakisimama kusalimiana.

Hatua chache kutoka hapo kuna uwanja wa wazi wa mji. Watoto hukimbia kwenye njia za kuzungukazunguka zilizochimbwa katika nyasi, zenye urefu wa karibu kilomita 1.5. Juu ya mapaa unaonekana mnara wa kanisa la St Mary. Nyumba nyingi za zamani ni za mbao, nyingine zikiwa na mapambo ya lipu ukutani.

Kwa mzazi, hapa ni mahali pa kutamani. Mtoto anaweza kwenda sokoni, maktaba na uwanjani kwa miguu. Mwaka 2025 gazeti la Sunday Times liliutaja kuwa mji bora zaidi wa kuishi Uingereza.

Sifa inapogeuka bei

Tatizo linaonekana kwenye madirisha ya ofisi za madalali, kunakobandikwa picha za nyumba zinazouzwa.

Treni kutoka kituo cha Audley End, nje kidogo ya mji, hufika London kwa takriban saa moja. Kwa hiyo anayelipwa mshahara wa London anashindania nyumba moja na mwalimu au muuza duka wa hapa. Dalali hamwulizi nani alizaliwa mjini.

Shule nazo huongeza bei. Shule nyingi za serikali zikijaa, hutazama mtoto anaishi wapi. Mzazi anayenunua nyumba karibu na shule nzuri, kwa namna fulani, amelipa ada kupitia ukuta na paa.

Katika England yote, mwaka 1997 nyumba ya bei ya kati iligharimu mara 3.5 ya mshahara wa mwaka. Mwaka 2024 ilikuwa karibu mara 8. Benki kwa kawaida hukopesha takriban mara 4.5 ya mshahara. Pengo hilo hujazwa na akiba, mwenza mwenye kipato, au wazazi wenye uwezo.

Muuguzi ataishi wapi?

Chukua mfano wa muuguzi anayeanza kazi katika hospitali kubwa ya Addenbrooke's, Cambridge. Mwaka 2025 mshahara wa kuanzia ulikuwa pauni 31,000 hivi kwa mwaka. Mkopo wake ungekuwa karibu pauni 140,000, kiasi kisichofika nusu ya bei ya nyumba ya kawaida ya familia Saffron Walden.

Hili linazihusu pia familia za Afrika Mashariki. Tangu makubaliano ya mwaka 2021 kati ya Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya, vijana wengi wameangalia njia hiyo. Mshahara ukigeuzwa kuwa shilingi unaonekana mkubwa, lakini kodi ya nyumba hulipwa kwa pauni.

Mzazi mwenye kijana anayejiandaa kwenda, hasa mwenye watoto, amwulize mapema: kodi ni kiasi gani, kazini ni mbali kiasi gani, na shule ya karibu ina nafasi? Maombi ya sekondari za serikali England hufungwa Oktoba 31, ya msingi Januari 15, kwa masomo ya Septemba inayofuata.

Mji hauna ubaya kwa kupendwa. Lakini uzuri wake si kuta za zamani peke yake. Ni mtu anayepanga meza ya mboga alfajiri, anayemwogesha mzee, anayemfundisha mtoto kusoma. Wakilazimika kuishi mbali, jioni hupanda basi na kuondoka, na watoto waliokulia hapa huwafuata wakishaanza maisha. Mahali pazuri pa kulea mtoto ni pale ambapo mtoto huyo, akikua, ataweza kubaki.