Moshi wa Aina Mbili

Hapa Kibiti mtu hatangazi kinywaji. Majirani zangu wengi ni Waislamu, nami, ingawa dini yangu haikunikataza, nimeishi nao miaka mingi kwa kuiheshimu imani yao. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni baharia, aliponiletea kichupa kisichozidi vijiko vinne vya chakula, nilikipokea kwa shukrani na kukifungulia ndani, mlango umefungwa.

Ilikuwa wiski ya Port Ellen, kutoka kisiwa cha Islay huko Scotland. Ilikenekwa mwaka 1979, mwaka ambao majeshi yetu yaliingia Kampala, nami nikiwa mwalimu kijana. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1983. Kilifunguliwa tena mwaka 2024, lakini mapipa yale ya zamani yamebaki machache mno.

Nilinusa kwanza. Ama kweli nilishangaa, kwani harufu ilikuwa ya kwetu deltani: uchanja wa samaki uliokolea moshi, kamba za majahazi, na tope la mikoko maji yanapokupwa. Ulimini ulikuja utamu wa asali iliyoungua, kisha joto la polepole, na mwisho majivu. Sababu ya moshi huo ni nyepesi kueleza. Shayiri iliyochipuzwa hukaushwa juu ya moto wa udongo mweusi wa kinamasi, unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Wavuvi wetu hutumia moshi ili samaki asioze. Wenzao wa Islay walitumia walichokuwa nacho, na ladha ikabaki.

Baada ya kukenekwa, sheria hutaka kinywaji hicho kikae katika pipa la mwaloni kwa miaka isiyopungua 3 kabla ya kuitwa wiski ya Scotland. Kila mwaka karibu asilimia 2 hupotea hewani. Maana yake ni kwamba kuzeeka kwake ni kupungua, jambo ambalo sisi wazee tunalielewa bila kufundishwa.

Sasa ndugu msomaji, wiski hiyo ni ndugu wa damu wa gongo. Sisemi hivi kwa dhihaka. Msimu wa korosho mabibo hukamuliwa, huchachushwa, hukenekwa porini kwa pipa na bomba, na kunywewa kesho yake. Sheria yetu ya mwaka 1966 iliyokataza kuikeneka bila leseni iliiita kwa jina jingine la mitaani: moshi. Nimewazika wanafunzi wangu wawili walioondolewa na moshi huo. Mmoja wao alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu.

Scotland nako kulikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi watu walikeneka kwa kujificha mabondeni, wakiwakimbia watoza ushuru. Mwaka 1823 ilitungwa sheria iliyoifanya leseni kuwa ya bei nafuu, na wengi wakatoka mafichoni. Mtu asiyejificha aweza kuwa na subira. Aweza kuyarudisha mtamboni maji ya mwanzo na ya mwisho, akaweka yale ya katikati tu, kisha akangoja. Anayesikiliza nyayo za polisi hamwagi hata tone. Huuza vyote, haraka, akazime moto.

Simaanishi kwamba leseni ni dawa ya kila kitu. Uganda walitunga sheria yao ya enguli mwaka 1965, wakapata kinywaji kinachouzwa dukani kihalali, lakini pombe haramu haikwisha. Tena jirani yangu Mwislamu angesoma hapa, angeniambia kwamba njia salama ni kuiacha kabisa, nami sina hoja ya kumshinda.

Lakini vijana wanaokunywa wapo, na kumwaga pipa moja porini hakujazuia jingine kuchemka. Ningependa mwalimu wa sayansi asione haya kuwaeleza wanafunzi wake jinsi mvuke unavyogeuka kinywaji, na jinsi unavyoweza kuwa sumu. Somo hilo ni la kipindi kimoja tu. Wale wawili hawakupewa na yeyote, na nafasi ya kuzeeka, hata kwa kupungua kidogo kidogo kama mimi, hawakuipata.